Weupe Kwenye Ramani ya Severina

Sururu ya kwanza inapaa, na Severina Kalinga hasogei.

Amesimama hatua chache mbele ya mchimbaji, juu ya mstari wa chokaa, buti zake za mpira zimelowa umande. Ukungu umeziba bonde lote, na malori yanayopanda kutoka Ipogolo yanasikika tu, hayaonekani. Mkononi ameshika kishikwambi chenye ramani aliyoichora mwenyewe. Hakitazami. Anatazama ncha ya sururu.

Inashuka na kuzama kwenye udongo mwekundu. Hakuna kinachotokea. Wote waliouzunguka mtaro wanashusha pumzi.

"Hiyo ya kwanza," anasema mwenye sururu, Shedrack Mgaya, bila kucheka. "Baki hapohapo, dada. Mtaro ndiyo kwanza unaanza."

Hapa ni kwenye chuo kikuu kimoja pembezoni mwa mji wa Iringa. Uongozi umeruhusu habari hii iandikwe kwa sharti kwamba jina la chuo lisitajwe. Severina, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, ndiye mtaalamu wa ramani wa chuo hicho. Ameajiriwa kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na kazi yake ni kukiingiza chuo kizima kwenye kompyuta kwa kutumia mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao wenye kazi yao huuita GIS.

Ramani yenyewe ni kama karatasi za plastiki zilizolazwa moja juu ya nyingine. Moja ina majengo, nyingine barabara, nyingine mabomba ya maji, na nyingine nyaya za umeme. Ukibonyeza bomba, linakueleza lililazwa lini na nani alilitengeneza mara ya mwisho. Ukibonyeza darasa, unaona idadi ya viti na mahali paa linapovuja. Zamani bomba likipasuka mafundi walizunguka nusu siku wakitafuta koki. Siku hizi wanaikuta kabla chai haijapoa.

Lakini zipo sehemu ambazo ukizibonyeza hazisemi neno. Kwenye ramani ya kwanza zilikuwa nyeupe. Ni weupe huo uliomfikisha Severina mbele ya sururu.

Alizaliwa Idodi, akasomea upimaji ardhi hadi stashahada, kisha akafanya kazi miaka kadhaa upande wa Mgololo, akipima mashamba ya misonobari. Kule, anasema, sehemu nyeupe kwenye ramani ilikuwa na maana moja tu: hapajapandwa miti.

"Kule nikikosea, mti haulalamiki," anasema. "Nikaja hapa na mazoea yaleyale."

Chuo hiki kilianzia kwenye majengo ya kituo cha zamani cha mafunzo ya kilimo. Waliolaza nyaya za kituo hicho chini ya ardhi hawakuacha mchoro wowote unaojulikana. Severina alichora alichokiona na alichoonyeshwa. Asipopajua, alipaacha peupe, akikusudia kurudi baadaye.

Ramani ilipokamilika nusu, ilisifiwa kikaoni. Msimamizi wa majengo, Adrian Luvanda, aliiweka kwenye simu yake na kuanza kuitumia siku ileile. Kwake yeye, na kwa wachimbaji wake, peupe palimaanisha hapana kitu.

Machi mwaka jana, katikati ya mvua, Adrian aliwapeleka wachimbaji nyuma ya karakana ya useremala ili wachimbe mtaro wa nyaya za intaneti. Pale palikuwa peupe kabisa. Swichi kuu ilizimwa kwa tahadhari.

Shedrack alikuwa amefika kiunoni alipokutana na matofali ya kuchoma yaliyopangwa vizuri kama ukuta uliolala. Alifurahi. Tofali zuri la kuchoma ni mali, naye alikuwa na jiko la nje lisilokamilika. Akayatoa moja moja akayapanga pembeni ili jioni ayapeleke nyumbani. Kisha akainua sururu.

Kumbe waya uliokuwa chini ya matofali yale haukutegemea swichi kuu. Ulipata umeme kutoka kwenye kisanduku kilichosahauliwa ndani ya karakana, nyuma ya rafu za mbao. Wenzake walimnasua kwa ubao mkavu. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, na kiganja chote kikabaki na kovu linalong'aa.

Severina alikwenda hospitalini siku iliyofuata akiwa na chupa ya uji. Alimkuta mke wa Shedrack, Devotha, ameketi kitandani miguuni pa mumewe. Devotha aliupokea uji, akauweka chini, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yeye ndiye aliyesema pale hapana kitu.

"Nikamjibu, 'Mama, sikusema hapana kitu. Sikusema chochote,'" anakumbuka Severina. "Nilipojisikia ninavyosema hivyo, nikaogopa. Nilikuwa nimesema kweli, na mtu alikuwa amelala pale."

Tangu siku hiyo hofu haijamtoka. Kwake hawashi taa kwa mkono ulio na maji wala ulio mkavu. Anamwachia dada yake awashe. Simu ya Adrian ikiita, huiacha iite kwanza huku akisikiliza kama kuna kelele za watu upande wa mtaroni. Aliwahi kuandika barua ya kuacha kazi. Hakuipeleka, kwa sababu aliwaza kwamba atakayekuja baada yake ataikuta ramani na kuiamini.

Shedrack aliporudi kazini baada ya miezi mitano, alileta sharti moja. Hatachimba kwenye ramani ya mtu aliyeketi ofisini. Aliyechora asimame mbele ya mtaro mpaka mtaro uishe. Wachimbaji wenzake waliliunga mkono palepale, na sasa ndiyo desturi yao. Uongozi hauna kanuni hiyo popote, wala haujaikataza.

"Si kwamba namlipizia," anasema Shedrack. "Nataka aogope pamoja na mimi. Mtu anayeogopa anaangalia vizuri."

Wachimbaji wamezoea kumtania Severina. Asubuhi hii mmoja alimuuliza kama buti alizovaa ni za kazi au za mazishi. Severina akamjibu kwamba ni za kazi, ila hata yeye anaweza kuziazima akizihitaji kwa hilo lingine. Wakacheka kidogo, kisha wakashika zana zao.

Mtaro wa leo ni wa bomba la maji la bweni la wasichana, ambao kwa sasa wanapandisha ndoo kutoka chini ya kilima. Hauna njia nyingine ila kupita nyuma ya karakana, kwenye eneo lilelile, na lazima uchimbwe kabla mvua hazijaanza, maana udongo wa huku ukilowa unaporomoka. Hakuna anayejua kama chini yake kuna waya mwingine. Ukiwapo, na ukiwa na umeme, sururu itaukuta kabla ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo, wiki iliyopita chuo kilimleta kutoka Mbeya mzee Andendekisye Mwambene, fundi umeme mstaafu aliyefanya kazi kwenye kituo kile ujanani. Alishuka basi akiwa amevaa koti zito na kofia ya sufu, akasalimia kila mtu kwa mkono, hata wapishi.

Ni yeye aliyeeleza habari ya matofali. Enzi zao, alisema, waliyapanga juu ya waya makusudi, ili anayechimba akiyaona aache. Shedrack alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa mzee, nani alituambia?" aliuliza.

Mzee aliutazama mkono wa Shedrack, akasema, "Ndaga, mwanangu," neno la Kinyakyusa ambalo siku hiyo lilikuwa la pole.

Alipoombwa aonyeshe waya unapopita, alitembea kutoka karakana akasimama mahali fulani. Akarudishwa aanzie upande wa pili, akasimama mahali pengine kabisa. Akajaribu tena. Nyumba aliyokuwa akiitumia kama alama ilikwishabomolewa, na mikaratusi iliyopandwa baadaye ilimchanganya. Jasho lilimtoka usoni na huku kulikuwa na baridi.

Alimvuta Severina pembeni. "Mwanangu, usiandike kwenye ramani yako kwamba ni mimi niliyesema," alimwomba. "Nitarudi Mbeya nikae nikisubiri simu."

Jambo moja tu alikuwa na uhakika nalo. Ng'ambo ya mikaratusi palikuwa na zizi la ng'ombe, na hakuna aliyewahi kupeleka umeme zizini.

Severina alichora mkanda mpana mwekundu uliofunika sehemu zote mbili alizoonyesha mzee, pamoja na nafasi ya ziada kila upande. Ndani ya mkanda, wachimbe kwa mkono tu, polepole. Palipokuwa na zizi alipapaka kijani: katapila lipite.

Kwa hiyo leo wanachimba. Umeme wa chuo umezimwa, jenereta imefungwa, na kisanduku cha karakana kimeng'olewa kabisa. Hata hivyo, kila Shedrack anapoinua mikono, vidole vya Severina vinakaza kwenye kishikwambi.

Jua linapanda na ukungu unaondoka. Mtaro unaingia kwenye mkanda mwekundu. Sasa wanakwangua kwa chepe na mikono, wakipuliza udongo kama watu wanaochambua mchele. Wanapita mahali pa kwanza pa mzee. Hapana kitu. Wanapita mahali pa pili. Hapana kitu. Mmoja anaanza kupiga mluzi.

Karibu na adhuhuri wanafika kwenye mikaratusi, mwisho wa mkanda. Adrian, ambaye asubuhi nzima amekuwa akitazama saa, anampungia mkono dereva wa katapila. Injini inawaka.

Shedrack hatoki mtaroni. Amemgeukia Severina.

"Ramani inasemaje?"

"Inasema mkanda umeishia hapo. Mbele ni kijani."

"Na wewe unasemaje?"

Severina anatazama kijani kwenye kioo, kisha anatazama ardhi. Kijani kile hakukipima. Kilitoka kwenye kumbukumbu ya mzee aliyeogopa, na sehemu nyingine mbili za kumbukumbu hiyo tayari zimekuwa si kweli. Adrian anamkumbusha kwamba katapila limekodiwa kwa siku hii moja.

"Zimeni," anasema Severina. "Tuendelee kwa mkono."

Adrian ananung'unika kwamba kwa mwendo huu wasichana watabeba ndoo hadi Pasaka. Hata hivyo anamwashiria dereva, na injini inazimika.

Hawaendi mbali. Chepe la Shedrack linagota. Anapiga magoti, anafuta udongo kwa kiganja chenye kovu, na ukingo mwekundu unatokea, ulionyooka. Kando yake kuna mwingine. Ni matofali ya kuchoma, yamepangwa.

Shedrack anarudi nyuma kwa magoti, anapanda ukingo wa mtaro, anakwenda kusimama nyuma ya Severina. Severina anamsikia akipumua.

Fundi umeme wa chuo anashuka akiwa amevaa glavu nene na viatu vya mpira. Anasogeza tofali moja kwa fimbo ya plastiki, anapeleka kipimo chake karibu na waya mweusi ulio chini. Chuo kizima hakina umeme. Kipimo kinalia.

Adrian anaketi chini, kwenye udongo, na suruali yake safi. Dereva wa katapila ameshuka, amesimama kando ya mashine yake akitazama meno ya ndoo ya chuma, na mahali ambapo yangetua.

Mafundi kutoka mjini walipofika na kukata laini inayopita nje ya uzio, kipimo kilinyamaza. Inaelekea mtu fulani, baada ya mzee Andendekisye kuacha kazi kituoni, alivuta umeme kuupeleka kwenye pampu ya zizi, akiutoa upande wa kijijini. Ni nani na lini, hadi habari hii inaandikwa, haijajulikana. Haijulikani pia kama alivuta waya huo mmoja tu.

Alasiri ile Severina aliketi ukingoni mwa mtaro, akafungua ramani na kuanza kuondoa kijani, akipaka nyekundu mahali pake. Alikiondoa kila mahali alipokuwa ameambiwa tu kwamba hapana kitu. Alikiacha pale tu ambapo shimo liliwahi kufunguliwa akachungulia kwa macho yake. Karibu chuo chote kikawa chekundu. Adrian alichungulia kioo, akasema ramani ya namna hiyo itamtia mtu woga wa kupanda hata mchicha. Severina akamjibu kwamba ndivyo inavyotakiwa kwa sasa.

Mpango wake ni huu: kuanzia msimu huu, hakuna mtaro utakaofukiwa kabla hajaupima na kuupiga picha, uwe wa bomba, wa waya au wa msingi wa nyumba. Wachimbaji wenyewe watafundishwa kushika kifaa kinachopokea mawimbi ya setilaiti. Wa kwanza atakuwa Shedrack, ambaye amekwisha kukijaribu kwa mkono wa kushoto na kulalamika kwamba ni chepesi mno, hakionekani kama kazi.

Alimpigia pia simu mzee Andendekisye. Alipopokea, mzee hakusalimia. Aliuliza tu nani ameumia. Severina alilazimika kurudia mara tatu kwamba hakuna.

Severina anaulizwa ana tumaini gani. "Siku moja wachimbe, mimi niko ofisini nakunywa chai, na wala sisikilizi," anasema. "Hicho tu."

Shedrack, aliyekuwa akisafisha sururu yake karibu, anamwambia chai hiyo asiiinjike leo. Kesho wanaanzia pale matofali yalipo, kuelekea bwenini, na kwenye ramani pote huko ni pekundu.

"Utasimama upande gani?" anamuuliza.

"Mbele yako," anasema Severina, na anaanza kukwangua udongo kwenye buti.