Safari ya Projekta ya Chuo Kwenda Rukuba

Mjukuu wangu, ipo siku moja ambayo, hata leo na uzee huu, sijaweza kuisahau. Nilikuwa mkufunzi mgeni katika chuo kimoja cha ualimu pale Musoma, miaka ile ya uhaba, tulipokuwa tunakata chaki vipande ili tugawane, na sabuni ukiipata unaificha. Vitu vya nje ndiyo kwanza vimeanza kuruhusiwa. Wafadhili wakatuletea projekta, ile ya kumulika picha ukutani, pamoja na jenereta lake.

Mkuu wa Chuo akaitisha kikao cha wakufunzi. Wanachuo wengi walikuwa wanafeli mazoezi ya kufundisha, naye aliamini dawa imepatikana. Akasema kila mwanachuo atapimwa akifundisha kwa projekta, hata waliopangiwa shule ya kisiwani Rukuba.

Nikauliza kwa sauti ndogo, "Mkuu, sasa huyo mwanachuo akiajiriwa kijijini kusiko na mashine, atafundishaje?"

"Mwalimu Nyangeta, maendeleo hayawezi kusubiri vijiji," akanijibu. "Na kwa vile una maswali, wewe ndiye utakayeipeleka. Ikipotea, utanijibu."

Lazima uelewe, siku zile mtu aliyepoteza mali ya umma aliitwa mhujumu uchumi, na tuliwajua watu waliochukuliwa kazini mchana kweupe, mbele ya wenzao. Hata Mwalimu Magesa, mzee wetu kutoka Bunda, ambaye alikuwaga hakosi neno, siku hiyo aliangalia meza tu.

Tukaondoka asubuhi kwa boti, mimi na Mwalimu Magesa, tukiwapeleka wanachuo wachache. Mmoja wao alikuwa Bhoke, msichana wa wafugaji wa Butiama, hajawahi kupanda boti wala hajui kuogelea. Ziwa lilikuwa limetulia, tena zuri.

Tulipofika mbali na nchi kavu upepo ukageuka. Mawimbi yakaanza kuingia ndani. Wanachuo wakachota maji kwa ndoo na sufuria, lakini yaliyoingia yalikuwa mengi kuliko yaliyotoka. Bhoke alikuwa amejikunja chini, anamwita mama yake kwa Kizanaki, lugha ya kwao.

"Walimu, mzigo umezidi!" nahodha akapiga kelele. "Tupeni hayo machuma, tunazama!"

Wakasukuma jenereta, likaenda. Boti bado ilikuwa inakunywa maji. Ikabaki projekta ndani ya sanduku lake la chuma, nami nilikuwa nimelilalia kwa mikono miwili. Nilimsikia nahodha, mwanangu. Ila kila nikitaka kuachia, nilikuwa naona mlango wa jela.

"Nyangeta!" Mwalimu Magesa alinishika bega kwa nguvu. "Hilo sanduku unalikumbatia la nini?"

"Nimekabidhiwa mimi, Mwalimu!"

"Na hawa watoto umekabidhiwa na nani?"

Nikaachia. Tukalinyanyua pamoja, likazama mara moja, na boti ikainuka kidogo. Tulifika Rukuba tukiwa tumelowa chapachapa.

Kesho yake Bhoke alisimama darasani, sauti bado inatetemeka. Akachukua ndoo ya maji, jiwe na kipande cha ubao, akawauliza watoto wa wavuvi kwa nini kimoja kinaelea na kingine kinazama. Mwanangu, wale watoto walibishana mpaka kengele ikapigwa wasiisikie. Nilimpa alama zake kwa roho safi.

Lakini chuoni walikuwa wanatusubiri. Safari hii kwenye kikao walikaa wanaume wawili kutoka mkoani ambao hawakujitambulisha.

"Nani alitupa mali ya serikali?" mmoja akauliza.

Mwalimu Magesa akaanza kuinuka. Nikamtangulia. "Ni mimi," nikasema, nikaeleza yote, nikaeleza na somo la Bhoke. Wakaandika. Nikajua nimekwisha.

Ndipo Mkuu akavua miwani. "Waliporudi," akasema taratibu, "mimi niliulizia projekta. Sikuuliza kama watu wote wamerudi. Mkitaka kuandika jina, andikeni na langu."

Wale watu waliondoka bila kutuambia lolote. Kwa miezi mingi nikisikia Land Rover inapinda kuingia getini, nilikuwa naacha kazi nachungulia dirishani. Hawakurudi. Tukaanza kuwapima wanachuo kwa vifaa vinavyopatikana kwenye shule walizopangiwa, na waliofeli wakapungua. Bhoke alikuja kuwa mwalimu mkuu kule Kiriba.

Sasa na wewe unakwenda kufundisha chuoni, na kompyuta zimejaa. Zitumie, ni nzuri, usije ukasema bibi alikukataza. Ila mkikaa kikao mkazungumza habari za mashine, wewe uliza habari za mwanafunzi, nani ataachwa, nani ataumia. Utaogopa. Mimi niliogopa kabla, niliogopa wakati nasema, na nikaendelea kuogopa baadaye. Sema hivyo hivyo, na sauti itetemeke.

Nenda, mwanangu. Mungu akusimamie mbele ya wakubwa, akupe moyo wa kuwahesabu watoto wa watu kwanza, na wote utakaowapeleka mahali urudi nao nyumbani wazima.