Mfupa Ambao Mbuzi Hana

Fahali ndiye aliyelichomoa bega langu la kulia, mwishoni mwa miaka ya tisini, siku ya kuchanja ng'ombe kule kwenye mbuga za Kitengela. Mimi na ukaidi wangu tulikataa kuachilia kamba. Hospitalini walilirudisha, lakini sikuliamini tena. Lilichomoka nikivaa shati. Lilichomoka nikijinyoosha kitandani. Mke wangu alijifunza kunikanyaga kwapani na kuuvuta mkono mpaka bega lirudi, na nilishuku kwamba siku nyingine alikuwa akimaliza hasira zake.

Kisha likachomoka nikiwa nimemwinua binti yetu mdogo juu. Alianguka chali mlangoni, hapa nyumbani Noonkopir. Hakuumia sana, ila mimi niliogopa kuliko nilivyomwogopa yule fahali. Nikakubali kupasuliwa.

Daktari wa Kajiado alikuwa kijana mwenye viatu safi mno kwa vumbi la kule. Viatu hivyo vilinitia shaka. Alisema atakata ncha ya mfupa ulio mbele ya bega, aihamishe na kuifunga kwa skrubu pale bega linapochomokea, iwe kizuizi. Mfupa gani huo? Nimechinja mbuzi tangu ujana, na kwetu kila kipande kina mwenyewe: hiki cha wazee, kile cha akina mama. Mfupa wa namna hiyo sijawahi kumgawia mtu. Nilirudi nyumbani, nikachinja, nikalichambua bega la mbuzi mpaka likawa jeupe. Sikuuona. Nikalifunga kwenye gazeti, nikampelekea daktari.

"Daktari, nionyeshe hiyo kitu iko wapi hapa."

Hakucheka, na hilo likanizidishia shaka. Alinibonyeza chini ya mtulinga.

"Mzee, si hii hapa? Ya mbuzi ni kidogo sana. Mbuzi haibebi mtoto."

Chini ya kidole chake kitu kigumu kiliuma. Niliona aibu kidogo, lakini mfupa wa mbuzi niliondoka nao.

Nilipasuliwa. Hata baadaye niliinua picha ya eksirei dirishani, nikijiuliza kama kweli skrubu ile ilikuwa ndani yangu au ndani ya mtu mwingine. Miezi ikapita. Nikavaa mashati, nikavuta kamba, nikajinyoosha nitakavyo. Bega likatulia, nami nikaanza kuliamini.

Jioni moja nilimwinamia binti yangu, nikamnyooshea mkono wa kulia kwa furaha. Aliutazama kama nilivyovitazama viatu vya daktari. Akanizunguka, akasimama upande wa kushoto.

"Baba, nibebe na hii."