Vumbi la Hereni

Harufu ya tupa ikinibaki kiganjani, hunirudisha Kharumwa, kwenye kibanda cha mnunuzi wa dhahabu. Bibi alikwenda kuuza hereni alizoachiwa na mama yake. Mnunuzi alizisugua kwa tupa kuona kama ni dhahabu kweli, vumbi la njano likadondoka mezani, ndipo akaziweka kwenye mzani.

Bibi akalamba kidole, akalizoa lile vumbi. "Mwanangu, pima na hili. Nalo ni la mama."

Wachimbaji waliokuwa foleni wakacheka. Mimi na sare zangu za shule nikajisogeza mlangoni, nionekane sikuja naye.

Siku hizi mzani ni wangu. Leo asubuhi mama mmoja mzee kaleta pete ya marehemu mama yake. Nikaisugua kwa tupa. Alipolamba kidole, nikawahi kuifuta meza kwa kitambaa changu, nikakikunja na vumbi lake ndani.