Finjani Iliyojazwa Pomoni

Ijumaa zangu za Maskati zilikuwa za nyumba moja ya Al Amerat, ambako niliwafundisha Kiswahili wajukuu wa bibi mmoja aliyezaliwa Unguja. Ualimu sikuusomea. Nina kidato cha nne cha Kenya na miguu isiyotulia: Nakuru, Mombasa, Doha, kisha saluni moja ya Darsait, hapo hapo Maskati. Humo ndimo bibi alimonikuta nikibishana na mwenzangu juu ya kupika mbaazi za nazi. Akacheka, akanichukua pale pale.

"Kiswahili chako kina kokoto kidogo," aliniambia, "lakini mchele ni mchele. Nnataka wajukuu wangu wazungumze na mimi, si kunijibu kwa Kiarabu kila siku. Ila siku nikisikia wamekuvunjia adabu ndani ya nyumba yangu, darsa limekwisha. Aibu ya mgeni siiwezi."

Sikutaka liishe. Wiki nzima saluni nilikuwa nikiungaunga Kiingereza na Kiarabu cha kuokoteza. Ijumaa ndipo niliposikia mtu akisema "jamani", na moyo ukakaa chini kama uliofika kwao.

Mjukuu mkubwa, msichana wa miaka kumi na mitano, alinipima tangu siku ya kwanza. Nikisema neno, yeye hulirudia puani kwa lafudhi yangu, na wadogo zake huangua kicheko. Siku moja aliuliza kwa upole uliozidi:

"Mwalimu, ulisoma hadi wapi?"

"Kidato cha nne."

"Ah. Basi bado kidogo mimi ndiye nikufundishe wewe."

Nikacheka nao. Jibu la maana lilinijia kesho yake, nikiwa katikati ya kusuka kichwa cha mtu, na halikunifaa kitu.

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu yake kumimina kahawa. Kwao, anayemimina husimama na dele la kahawa mkononi mpaka mgeni atikise finjani, ndiyo ishara kwamba ametosheka. Na finjani ya mgeni haijazwi. Humiminiwa kidogo tu, apate kuongezwa. Ukimjazia, umemwambia: kunywa, uondoke.

Yeye akanijazia pomoni huku akinitazama usoni. Wadogo zake wakajiziba midomo.

Nilikwisha kunywa kahawa kwenye nyumba nyingi za wateja, nilijua nilichoambiwa. Nikainywa yote taratibu, nikanyoosha mkono bila kutikisa.

"Ahsante, mwanangu. Wewe unajua kukaribisha watu. Kwetu kikombe nusu ni uchoyo. Ongeza. Na kwa kuwa umesimama, tusimulie jana ulifanya nini."

Akajaza. "Jana... nilikwenda sokoni Matrah na mama."

"Mkanunua nini?" Nikanyoosha tena.

"Kitambaa."

Akajaza. Mara bibi akaingia na sahani ya halua. Macho yake yakatua kwenye finjani yangu, kahawa imefika ukingoni.

"Nani kajaza hivi?"

Msichana akainamisha kichwa. Nikaiona saluni, wiki nzima, bila Ijumaa.

"Mimi nimeomba, bibi," nikasema. "Sisi wa bara tusipojaziwa hatuoni kama tumekunywa."

"Watu wa bara nyie! Hata kahawa mwaibugia kama uji!" Akarudi jikoni, kicheko chake kikimfuata.

Nilipomaliza finjani ile, msichana alinimiminia tena bila kuambiwa. Safari hii kidogo tu, chini kabisa, anavyomiminiwa mgeni. Nikainywa, nikanyoosha mkono.

"Mwalimu," akanong'ona, "tikisa basi. Mkono waniuma."

"Hujasema kitambaa kilikuwa cha rangi gani."

"Kijani! Na mama aligombana na muuzaji mpaka watu wakajaa, na mimi nikajificha nyuma ya majora ya vitambaa kama simjui. Sasa tikisa!"

Hakuwahi kuniambia maneno mengi hivyo bila kunikejeli. Nikatikisa.