Shangazi Aliyekuja Kuwatazama Wazazi Wangu

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa kijiji cha Kitaya kurudi kutoka Ulaya na diploma ya ufundi wa maji. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na siku ile sikuwa na hamu ya kusema jambo jingine.

Shangazi wa binti niliyemposa alikuja kutoka Mikindani kuwaona wazazi wangu. Jibu la posa alikuwa nalo yeye. Wiki nzima nilikuwa nimewafundisha baba na mama namna ya kukaa: mama asimkatize baba, baba azungumze taratibu, vicheko visiwepo. Ndivyo nilivyowaona wakubwa wa ofisini wakikaa na wake zao.

Asubuhi hiyo ukungu wa mto Ruvuma ulikuwa umepanda hadi uani. Mashamba ya mpunga yalionekana, yakapotea, yakaonekana tena, kama yanapumua. Tulikaa mkekani ndani ya weupe ule, na hata sauti yangu, nilipokuwa nikiielezea diploma, niliisikia ikitoka mbali. Mama aliandaa wali akakaa pembeni, macho chini. Baba alikula kama mgeni.

Shangazi hakuitazama diploma. Alimtazama mama: uso, mikono, kisha uso tena.

"Dada, u mzima?"

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mbona husemi?"

"Ana haya," nikajibu mimi.

Shangazi akaisukuma sahani yake. Nikajua posa yangu inazama, nisijue tundu liko wapi.

Baba, akitaka kuokoa mambo, akaanza kusimulia alivyomfukuza kiboko shambani peke yake. Mama akakohoa. Akakohoa tena.

"Peke yako?" akashindwa kuvumilia. "Si ulikuwa juu ya dungu la kulindia mpunga unaniita nilete debe nilipige?"

"Nilikuwa nakuonyesha aliko!"

"Kwa kilio?"

Baba alicheka hadi wali ukampalia. Mama akawa anampigapiga mgongoni. "Kufa basi, shujaa wangu, wageni wakuzike!"

Niliinamisha kichwa. Miaka mitatu ya Ulaya imeliwa na kiboko.

Shangazi akaivuta sahani yake, akala. Alipomaliza akanigeukia.

"Mama yake binti, wifi yangu, aliishi na kaka yangu miaka mingi asiruhusiwe kusema mbele ya watu. Amekufa hatujui hata alipenda chakula gani. Nilipomwona mama yako amenyamaza vile, nilikuwa nataka kuondoka. Sasa mlete mshenga, tupange siku."

"Na diploma yangu, shangazi?"

"Itunze isilowe."

Tulioana baada ya mavuno, tukahamia mjini, mtaa wa Ufukoni. Mke wangu alikuwa mtulivu mno. Alikuwa amejifunza ukimya kwao kama mimi nilivyojifunza makelele kwetu. Nikimuuliza jambo, alijibu, "Utakavyo." Nilichimba visima, mji ukanisifu, naye akaitikia. Nyumba yetu ilikuwa na amani kama ya usingizini, nikaanza kuiogopa.

Nikawa namuuliza kila nikitoka kazini, "Leo nimekosea wapi?" Miezi ikapita bila jibu, yeye akitabasamu tu, mapazia yakijaa upepo na kunywea.

Alasiri moja aliweka kikombe chini, akasema polepole, kama anayejaribu maji kwa mguu:

"Unajisifu sana."

Nikamwomba aendelee. Aliendelea mpaka adhana ya magharibi.