Jinsi Binti Yetu Alivyopata Jina la Matilda

Nakumbuka Jumamosi moja ya mwaka 1996, mwanangu, nimekaa kwenye flati yetu ya Berea, hapa Johannesburg, mtoto mchanga mapajani, na mama mkwe wangu amesimama mlangoni hajavua hata koti. Alikuwa amekuja kwa teksi kutoka Soweto ili kuniambia neno moja: hapana.

Mume wangu alinioa Morogoro alipokuwa uhamishoni. Uhuru wao ulipokuja nikamfuata Johannesburg, nikaanza kuuza vitenge sokoni Newtown. Sasa, kwetu Machame, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na wa pili la mama wa mama. Wa kwanza alikwisha kuchukua jina la mama mkwe, Thandeka. Huyu wa pili alikuwa wa mama yangu, Matilda, na mtu wa soko hasahau haki yake.

Lakini kwao mama mkwe ndiye aliyetarajiwa kusema siku ya imbeleko, pale mbuzi anapochinjwa na mtoto kutajwa kwa wazee wa ukoo waliotangulia. Mtoto asiyetajwa huhesabiwa kama mgeni ndani ya nyumba yao. Na mama mkwe hakutaka kulitaja jina hilo.

"Makoti," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mke wa mtoto wao, "wazee wetu siwapelekei jina la madamu wa kizungu."

Mume wangu alitafsiri, na kila maneno yalipochacha aliyapunguza ukali. Alisahau kwamba nilikuwa na Kizulu cha sokoni, na sokoni mtu hujifunza ukali kwanza.

"Ni zamu yetu," nikasema. "La kwako limeshatoka."

"Zamu ni ya foleni ya teksi." Akaketi, koti bado mwilini. "Nimefanya kazi za ndani miaka yangu yote. Jina langu lilimshinda madamu, akaniita Betty. Hakuniuliza. Lakini mbwa wake alichaguliwa jina na familia nzima, wakabishana wiki! Mama yako je, kuna aliyemuuliza?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana, mwanangu. Sikuwa nimejiandaa kuulizwa.

"Unaniuzia kitambaa ambacho wewe mwenyewe hujakishika," akasema. "Nenda kaulize. Ukipata jibu, njoo."

Basi sikukubali kushindwa kirahisi hivyo. Nikapiga simu kwenye duka moja kule Machame, wakamwita mama. Akanieleza kwamba alibatizwa akiwa msichana mkubwa, na mchungaji alimpa majina achague. Akachagua la mkunga wa misheni, mama wa Kijerumani aliyewahi kumwambia maana yake: nguvu vitani. Wakati huo ndugu zake walitaka kumwoza kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe, naye hataki.

"Nilihitaji jina la kwenda nalo kwenye ugomvi," mama alisema, kama mtu anayezungumzia viatu.

Mimi sinunui kitu kabla sijauliza bei sehemu mbili. Nikashuka ghorofa ya chini kwa bibi wa Kijerumani aliyebaki Berea wenzake walipohama. Akathibitisha. Ni maneno mawili ya kale ya Kijerumani, la nguvu na la vita, yaliyounganishwa. Malkia wa Ulaya ya zamani walilibeba, ndipo wamisheni wakalisafirisha hadi kwetu.

"Lakini kwetu sasa ni jina la vikongwe," akasema. "Nani tena anampa mtoto?"

"Mimi," nikamwambia.

Nikaenda Soweto bila mkalimani, mtoto mgongoni. Mama mkwe alinisikiliza akimenya viazi. Nilipofika kwa yule mzee wa ng'ombe, kisu kikasimama.

"Aliolewa naye?"

"Thubutu! Mzee alirudi nyumbani na ng'ombe zake."

Akacheka mpaka akafuta macho. "Eish! Mwanamke huyo naweza kumtaja." Kisha akachukua kiazi kingine. "Lakini vita, makoti, tumemaliza. Vilinichukulia mwanangu, huyo mumeo, miaka yote ya uhamishoni, vikaniachia kitanda kitupu. Vita siviiti tena nyumbani humu. Nguvu nitaichukua. Mimi nitamwita Nomandla, mama wa nguvu. Wewe mwite Matilda."

"Matilda litangulie," nikasema.

Akanitazama. "Kweli wewe unauza vitenge."

Siku ya imbeleko lilitangulia. Alilitamka polepole, lote, kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani, kisha akawaeleza wazee wake habari za msichana wa Machame aliyegoma.

Kwa hiyo, mwanangu unayesubiri mtoto katika mji huu, nisikie. Usimpe jina kwa sababu ni tamu, wala usilikatae kwa sababu limetoka mbali. Uliza nani alilibeba, na kama aliulizwa. Lililobandikwa mtu kwa dharau usilirithishe. Lililochaguliwa lisimamie, hata mbele ya mama mkwe, ila nenda na habari zake kamili, maana kudai zamu peke yake hakukutoshi. Na mtoto akikua mwambie yote, ili akichekwa shuleni awe na la kujibu.

Mungu akujalie ujifungue salama. Akupe mtoto mwenye afya, na ukoo wa pande zote mbili umpokee kwa mikono miwili. Amina.