Tukijo Aliyefuata Maji Yetu

Bwawa letu liliuliwa na kaka yangu Tukijo, na katika hilo asinipake mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni yeye aliyesema tulichimbe liongezeke kina. Kijiji kizima tukashika majembe, tukakomba tope siku nne, tukala ugali wetu wa muhogo pembeni tukitaniana. Kumbe tope lile ndilo lililozuia maji! Chini yake ni jiwe la chokaa, limetoboka kama chujio. Mvua ya kwanza ilijaza bwawa asubuhi, jioni halina kitu. Nyumba sitini na mbili, hata tone la chai hakuna.

Jirani yetu Yu Ponirah, yaani Dada Ponirah, ambaye ng'ombe wake wawili walikufa kwa kiu, alimpigia kelele kila akipita: "Fundi! Leo unachimba wapi?" Nilitamani kumrukia. Lakini ng'ombe waliokufa walikuwa wake.

Miaka miwili baadaye, masika yalipokolea, Tukijo alimwaga magunia saba ya pumba za mpunga kwenye tundu lililokuwa likimeza maji.

"Maji hayapotei," akaniambia. "Yamehama tu. Nitayafuata."

"Utayafuata wapi, Kang, kaka yangu? Kuzimu?"

"Hata huko."

Kiangazi kilipoingia alijifunga kamba, akashuka kwa tundu lile hadi pangoni chini yake. Penye pumba zilizonata ukutani alipita, pasipo nazo alirudi. Mara tatu nilimvuta juu anatetemeka, magoti yamechunika. Mara tatu nikamtukana matusi yote niyajuayo. Alikula, akalala, akashuka tena. Watu walisema ni kiburi. Wapi! Ilikuwa aibu, na aibu ile haikumwacha akae.

Mara ya nne nilivuta kamba, ikaja tupu. Nikakaa mdomoni mwa pango nikilia na kumwita hadi sauti ikakauka.

Kumbe mwenzangu ametokezea ng'ambo ya kilima, ndani ya korongo, nyuma ya maporomoko ya maji! Wanawake wa kijiji cha pili walikuwa wanafua. Kuona mtu wa matope anatoka ukutani, walipiga mayowe.

"Msinikimbie, mimi Tukijo wa juu huko! Haya maji yaliongezeka lini?"

"Tangu mwaka juzi," akajibu mama mmoja. "Tumefanya hadi karamu ya kushukuru. Ila mwaka huu yalikuja na pumba, tukajiuliza ni nani anatwanga mpunga mlimani."

"Ni mimi, Bu," akamwita kwa heshima ya mama. " Hayo maji ni yetu. Mimi ndiye niliyeyapoteza." Akaangua kilio mbele ya wake za watu.

Yule mama akakamua nguo yake. "Mko nyumba ngapi?"

"Sitini na mbili."

"Sasa unalia nini? Nenda kawaambie waje na madumu."

Akaazimwa dumu moja, akapanda kilima nalo begani, akanikuta pale pale pangoni. Nilimzaba kofi kwanza. Ndipo nikanywa.